Kabla ya Kusafisha Taka, Wenyeji Waulizwe

Mkulima wa skimu aweza kudhani kwamba taka za Kibera na Kawangware ni shauri la watu wa mjini tu. Sivyo. Mto Ngong hupita Kibera, na Mto Nairobi hupita upande wa Kawangware. Mito hiyo hukutana mashariki ya jiji, kisha maji yake huingia Mto Athi, ambao wakulima wengi huutegemea. Kitupwacho juu hufika chini.

Huko Kibera yako mafundisho mema. Shirika liitwalo Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa mwaka 2006, lilishauriana na wenyeji juu ya majaa yaliyokuwa kando ya vijito. Wenyeji wenyewe walisema wanataka nini pale. Leo pana viwanja vya watoto, vyoo, madaraja na mahali pa kufulia nguo, na vikundi vya wenyeji ndivyo vinavyovitunza.

Shauri la wenyeji lahitajiwa zaidi penye sumu isiyoonekana kwa macho, kama vile risasi au vitu vyenye mionzi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007, nacho kikafungwa mwaka 2014. Sumu ya risasi ilibaki katika udongo na katika miili ya watu. Wenyeji walikwenda kortini, na mwaka 2020 korti iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Mabishano yaliendelea hata Mahakama ya Juu ikawapa haki mwezi wa Desemba 2024. Kuuliza watu mapema kungalikuwa rahisi zaidi.

Mtaalamu ana chombo cha kupimia, lakini mwenyeji ndiye ajuaye watoto wanachezea wapi na maji ya mvua hupita njia gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, huiagiza Serikali kuwahimiza wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Basi, likiitwa baraza juu ya taka, nenda, ukaulize haya: Ni sumu gani? Udongo utakaochimbwa utapelekwa wapi, na kwa njia gani? Nani atapima tena baada ya kazi, na majibu yatasomwa wapi? Usirudi nyumbani kabla majibu hayo hayajaandikwa.