Simu Inayoiba Usingizi

Asubuhi moja mama mmoja alifika kwetu akisema: "Munganga, kichwa kinaniuma, macho yanawaka, mwili hauna nguvu. Bila shaka ni malaria. Unipe dawa." Tulipima damu yake, hatukuona malaria. Homa pia hakuwa nayo. Nikamwuliza: "Mama, unalala saa ngapi?" Akanyamaza kidogo, halafu akajibu: "Saa nane ya usiku. Ninatazama simu, kwa maana wakati ule megabaiti ni za bei rahisi." Na saa kumi na moja aliamka kuwasha moto.

Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe. Hizo ni saa tatu tu. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12.

Sababu gani simu inafukuza usingizi? Giza likiingia, ubongo unatoa kitu kinachoitwa melatonini, nacho kinauambia mwili kwamba usiku umefika. Mwangaza wa simu karibu na macho unakichelewesha. Tena habari za vita na maneno ya ugomvi yanasumbua moyo. Na mtu anayekazia macho kioo cha simu anapepesa mara chache, kwa hiyo macho yanakauka. Akiinama muda mrefu, shingo na kichwa vinauma.

Usidharau jambo hili. Asiyelala vizuri anakasirika upesi na kusahau. Akiendesha pikipiki, anaweza kusinzia na kuua watu.

Basi, fanya hivi:

1. Acha simu muda wa saa nzima mbele ya kulala.
2. Usiiweke kitandani. Iache katika chumba kingine.
3. Mchana, kila dakika 20, tazama kitu cha mbali, kama mti, kwa sekunde 20.
4. Wazazi, mtangulie ninyi. Mtoto anafuata anayoyaona kuliko anayoambiwa.

Lakini mwenye homa asiseme, "Ni simu tu." Aje kupimwa siku ile ile.

Mama yule alirudi baada ya majuma mawili. Hatukuwa tumempa hata kidonge kimoja, lakini kichwa kilikuwa kimepona. Alisema: "Sasa simu inalala jikoni. Na jioni watoto wananisimulia mambo ya shule."