Mhunzi wa Vijiji Elfu: Rekodi za Akina Lefebvre, Favre na Faure

Katika orodha ya majina ya ukoo yenye watu wengi zaidi Ufaransa, Martin ndiye anayeongoza, kisha wanafuata Bernard, Thomas, Petit, Robert, Richard na wenzao. Mengi ya hayo yalianza kuwa majina ya ubatizo; mengine ni ya maumbile au ya mahali. Ni mpaka ushuke hadi nafasi ya 13 ndipo unapokutana na jina la kwanza linalotokana na kazi: Lefebvre, yaani mhunzi. Waokaji, wasaga nafaka, wachinjaji na wafanyabiashara wote wako nyuma yake. Na hapo mhunzi amehesabiwa kwa tahajia moja tu.

Kwa nini mhunzi na si mkulima, wakati wakulima ndio waliokuwa wengi? Ni kwa sababu hiyohiyo. Katika kijiji cha Zama za Kati, kumwita mtu mkulima hakukumtofautisha na jirani yake. Mhunzi alikuwa mmoja. Yeye ndiye aliyefua majembe, akapiga viatu vya farasi, akanoa miundu kabla ya mavuno, na kila mtu alijua mlio wa fuawe yake unatoka upande gani. Ukisema “wa mhunzi” umemtaja yeye na wanawe. Kwa hiyo jina hilo lilichipuka katika maelfu ya vijiji, kila kimoja peke yake, bila watu hao kuwa na undugu wowote. Wako wanaotumia fedha na miaka kumtafuta babu mmoja wa akina Lefebvre wote. Nawaonea huruma, maana babu huyo hakuwahi kuwepo. Hili ni jina moja lenye koo maelfu, na kwangu mimi hilo lina thamani kuliko nasaba yoyote ya kifalme.

Mzizi wake ni neno la Kilatini faber, fundi. Kaskazini neno hilo likawa fèvre, likatanguliwa na le, tukapata Lefèvre na Lefebvre. Kusini, kwa wasemaji wa Kioksitani, likawa Fabre na Faure. Gascogne, ambako f ya mwanzo hugeuka h, kuna akina Haure. Karibu na milima ya Jura na Alps kuna Faivre na Favre. Waliokuwa na lugha nyingine kabisa walifanya vilevile kwa lugha zao: Le Goff wa Bretagne na Schmitt wa Alsace ni wahunzi pia. Sidhani kama kuna kazi nyingine iliyoivalisha Ufaransa nguo nyingi kiasi hicho. Ajabu ni kwamba neno lenyewe limekufa katika mazungumzo ya kila siku: Mfaransa wa leo humwita mhunzi forgeron, na fèvre limebaki ndani ya orfèvre, sonara.

Herufi iliyoleta usumbufu mkubwa kuliko zote ni ile b ya Lefebvre. Haitamkwi. Iliingizwa na makarani waliojua Kilatini na kutaka faber aonekane. Zamani hizo u na v ziliandikwa kwa umbo moja, hivyo wasomaji wengine wakaiona v kuwa u, wakatamka walichokiona, na ukazaliwa ukoo wa Lefébure, ambamo b inasikika waziwazi. Amri ya Villers-Cotterêts ya 1539 ilizitaka parokia ziweke vitabu vya ubatizo, na sheria ya tarehe 23 Agosti 1794 ikakataza mtu kutumia jina lisilo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Makosa ya kalamu yakawa urithi halali.

Angani ndipo jina hili lilipopata rekodi mbili za kuwa wa kwanza, na moja ni ya msiba. Agosti 1909 Eugène Lefebvre aliwashangaza watazamaji wa mashindano ya ndege ya Reims kwa kona zake kali. Tarehe 7 Septemba, huko Juvisy, ndege aina ya Wright aliyokuwa akiijaribu ilianguka, naye akawa rubani wa kwanza duniani kufa akiiendesha ndege ya injini. Miezi saba haikupita, tarehe 28 Machi 1910, Henri Fabre, kijana wa familia ya wenye meli wa Marseille ambaye hakuwa amewahi kurusha ndege, alikaa juu ya chombo chake cha mbao kwenye ziwa la maji chumvi la Berre, akakiinua kutoka majini na kwenda kama nusu kilomita. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza ya injini kuruka kutoka juu ya maji. Fabre alifariki mwaka 1984 akiwa na umri wa miaka 101.

Chini ya ardhi, rekodi ni ya Louis Favre wa Geneva, na hapa naomba nikae kidogo. Alianza maisha kama seremala. Mwaka 1872 alishinda zabuni ya kuchimba njia ya reli chini ya mlima Gotthard, kilomita 15, ndefu kuliko zote duniani kwa wakati huo, akaahidi kuimaliza kwa miaka minane. Mkataba ulikuwa wa kikatili: aliweka dhamana ya faranga milioni 8, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa na faini yake. Ndani mlikuwa na joto kali, moshi wa baruti na maji yaliyobubujika kutoka kwenye miamba. Wafanyakazi, wengi wao Waitaliano, waligoma mwaka 1875, na wanne wakapigwa risasi wakafa. Jumla ya waliokufa katika ujenzi inakaribia 200. Favre mwenyewe alianguka akafa humohumo shimoni, Julai 1879. Februari 1880 keekee ilipotoboa ukuta wa mwisho, wachimbaji walipitisha kwanza kisanduku chenye picha yake kwenye tundu, ili awe wa kwanza kuvuka. Kwa heshima yote niliyo nayo kwa wahandisi, nawaheshimu zaidi wachimbaji waliofikiria jambo hilo. Rekodi ya Gotthard ilidumu hadi njia ya Simplon ilipofunguliwa mwaka 1906.

Mwingine asitajwe kwa kirefu, ila asisahauliwe: Camille Alphonse Faure. Mwaka 1881 alipata njia ya kuzipaka sahani za betri rojo la risasi, na betri ya kuchajiwa ikawa kitu cha kutengenezwa kiwandani.

Safari za jina hili ng’ambo zilianza mapema. Katika wanaume 12 waliopewa hati ya ardhi ya New Paltz, New York, mwaka 1677, wawili ni ndugu: Simon na Andries LeFevre, Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa. Wengine walikimbilia London, hasa baada ya Louis XIV kuifuta Amri ya Nantes mwaka 1685. Huko ndiko jina hili lilikopata cheo kilichodumu sana: Charles Shaw-Lefevre alikuwa Spika wa Baraza la Makabwela la Uingereza tangu 1839 hadi 1857, na ni Spika mmoja tu, Arthur Onslow, aliyekaa muda mrefu zaidi yake. Jina hilo alilipata kwa mama. Baba yake, Charles Shaw, aliliongeza kwenye lake alipooa.

Québec kulikuwa na akina Lefebvre wengi mno hata ikabidi waongezewe lakabu. Wapo Lefebvre “aitwaye Boulanger”, mhunzi aitwaye mwokaji, na wengine wakaitwa Villemure au Descôteaux. Baadhi ya wajukuu waliliacha jina la mhunzi wakabaki na lakabu. Watoto wa Québec waliposhuka kwenye viwanda vya nguo vya New England katika karne ya 19, makarani wa Kiingereza waliandika walichosikia: Lafave, Lefever. Wengine walitafsiriwa vibaya kabisa wakawa Bean, kwa sababu fèvre linafanana na fève, ambalo ni haragwe. Kwa kujificha, hakuna anayewapita hao.

Kwa kudumu uwanjani, hakuna anayempita Brett Favre wa Mississippi, jimbo lililowahi kuwa sehemu ya Louisiana ya Wafaransa. Kuanzia Septemba 1992 hadi Desemba 2010 alianza mechi 297 za ligi mfululizo katika futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao majeruhi ni jambo la kila wiki.

Tawi lililo karibu nasi kuliko yote liko Ushelisheli, visiwa ambavyo Wafaransa walivitwaa mwaka 1756 na kuvikabidhi rasmi kwa Waingereza mwaka 1814, huku wengi wa wakazi wake wakiwa wametokana na watumwa waliotolewa Afrika Mashariki na Madagaska. Danny Faure alizaliwa mwaka 1962 kwa wazazi wa Kishelisheli, lakini si visiwani: alizaliwa Kilembe, Uganda, mji wa machimbo ya shaba chini ya Rwenzori. Alikuwa Rais wa Ushelisheli kuanzia Oktoba 2016. Aprili 2019 aliingia kwenye nyambizi ndogo, akashuka zaidi ya mita 120 karibu na kisiwa cha Desroches, akaitolea dunia hotuba ya moja kwa moja kutaka bahari ilindwe. Hakuna mkuu wa nchi aliyewahi kuhutubia hivyo kutoka kina hicho. Ufaransa nayo ilikuwa na Rais Félix Faure, 1895 hadi 1899, kwa hiyo tahajia hiyo ya kusini imeongoza dola mbili. Oktoba 2020 Danny Faure alishindwa katika uchaguzi na Wavel Ramkalawan, ambaye jina lake halina uhunzi wowote, lakini baba yake alikuwa mfua bati.