Pesa na Hela za Zamani

Kila siku twasema "pesa" na "hela", wala wengi wetu hatujui kwamba zamani hayo yalikuwa majina ya sarafu mbili mbalimbali. Mimi hukusanya sarafu kuukuu hapa Tengeru, nazo zote mbili ninazo.

Pesa ni ya shaba nyekundu. Ilitolewa na kampuni ya Wajerumani tangu mwaka 1890. Upande mmoja pana tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijra. Pesa 64 zilikuwa Rupia moja, hesabu iliyotoka Bara Hindi. Mwaka 1904 serikali yao ikaleta hesabu ya mia: Heller 100 kwa Rupia. Ndiyo hela yetu, yenye taji, na uzito wake gramu 4.

Sasa pigeni hesabu ya kodi. Nyumba ya shamba ilitozwa Rupia 3, yaani hela 300. Mlipaji wa hela tupu alibeba kilo 1 na gramu 200!

Niipendayo zaidi ni ya hela 20, yenye herufi T. Vita vilifunga njia ya meli, basi mwaka 1916 zikapigwa Tabora, katika karakana ya reli.

Wazazi, mkizikuta sandukuni msizisugue kwa ndimu na mchanga, maana mwaka hufutika. Wala msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye huzipima kwa mizani tu, pamoja na masufuria yaliyotoboka.