Kutembea Karura: Msitu Uliookolewa kwa Mapambano



Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuandika habari za mishahara na migomo. Safari hii nataka kuwaeleza habari za matembezi. Msicheke. Someni mpaka mwisho, mtaona kuwa mambo haya nayo ni ya chama.

Nilitumwa Nairobi kwa semina ya siku nne. Jumapili semina ilipumzika. Mwenzangu, mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha majani chai, alitaka kulala tu. Miguu yake imevimba kwa kusimama miaka mingi mbele ya mashine ya kukaushia. Lakini mwenyeji wetu, ndugu wa chama wa huko Kenya, alikataa. Alisema, "Twendeni Karura. Njia yake ni tambarare, hata mzee hutembea."

Karura ni msitu wa serikali ulio ndani ya jiji, upande wa kaskazini, karibu na Muthaiga, Gigiri na Runda. Ukubwa wake ni zaidi ya hekta 1,000, na uliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Tuliingia kwa lango la barabara ya Limuru. Kuna kiingilio, na raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi, kwa hiyo mtu abebe maji katika chupa yake ya kudumu.

Njia ni ya udongo, pana, yenye kivuli. Kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba, hivyo asiyejua kusoma maneno mengi hapotei. Hufuata namba tu. Kwanza tulipita katikati ya mikaratusi mirefu iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni za garimoshi. Mbele tukaona miti ya asili, na mwenyeji akatuonyesha muhugu, mti unaopendwa na wachonga vinyago. Tukafika penye maporomoko ya maji ya mto Karura, na karibu na hapo kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Juu ya miti mbega walikuwa wakiruka.

Mwenzangu alitembea polepole, akipumzika kila alipopata gogo. Penye maporomoko alivua viatu, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kumbe masikio yangu bado yasikia maji. Nilidhani mashine imeyaua." Maneno hayo sijayasahau.

Lakini, ndugu zangu, msidhani msitu huu ulibaki kwa bahati. Katika miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi kwa siri, ili wajenge majumba. Mwaka 1998 habari zikatoka nje, wananchi wakaingia msituni na mitambo ya wajenzi ikachomwa moto. Tarehe 8 Januari 1999, mama Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti tu. Genge la walinzi likawashambulia, naye akapigwa kichwani hata akatoka damu. Alipofika polisi kuandika mashtaka, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu nao wakaandamana. Agosti mwaka ule ule Rais Moi akapiga marufuku kugawa ardhi ya umma.

Mama huyu alianzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na wanawake wa vijijini wakawa wanalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Kabla ya hapo, akiwa mwalimu wa chuo kikuu, alidai wanawake wapate haki sawa na wanaume kazini, tena alijaribu kukifanya chama cha walimu wa chuo kiwe chama cha wafanyakazi. Mahakama ikakataa, lakini mengi aliyodai yalipatikana baadaye. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Hata baada ya ushindi ule, watu waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wezi. Ndipo wakazi wa jirani wakashirikiana na Idara ya Misitu, uzio ukawekwa, na vijana wa kijiji maskini cha Huruma kilicho kando ya msitu wakapata kazi ya ulinzi. Maana yake ni hii: msitu uliosimama nao hutoa ajira.

Sisi wa Uganda tunalo funzo letu. Mwaka 2007 ilitakiwa hekta zipatazo 7,100 za msitu wa Mabira zikatwe zipandwe miwa. Tuliambiwa kuwa ni kwa ajili ya ajira na sukari. Watu wakaandamana Kampala, na wengine wakapoteza maisha. Mpango ukasimamishwa, ukafufuliwa tena mwaka 2011, ukapingwa tena. Hoja ya ajira ni nzito kwa mtu mwenye njaa, mimi siidharau. Lakini tuulize kila mara: ni kazi ngapi, za mshahara gani, na nani ataandika ahadi hiyo katika mkataba?

Nasema haya kwa sababu nyuma ya kambi yetu kuna kichaka cha miti ya asili chenye kijito. Hapo ndipo watoto wetu huchezea na kina mama hupumzika jioni. Wakubwa wa shamba wanataka kukikata wapande mikaratusi ya kuni za kiwanda. Tawi halikuulizwa. Baadhi yenu mlisema, "Miti si mshahara, tuache." Na mimi nilikuwa karibu kukubali, mpaka nilipomwona mwenzangu amevua viatu penye maporomoko.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza mfanyakazi kufanyishwa kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Siku hiyo tuliipata kwa kupigania. Lakini mtu apumzike wapi, ikiwa mbele ya mlango wake ni chai na nyuma yake ni mikaratusi ya kampuni? Siku ya mapumziko bila mahali pa kupumzikia ni nusu ya haki.

Kwa hiyo naomba tawi liweke jambo hili katika madai ya mkataba ujao: kichaka kibaki, na njia ya kutembea ifyekwe ndani yake. Gharama yake ni mapanga na Jumapili mbili za kujitolea. Mwenzangu amekwisha kusema atakuja, miguu ikimruhusu.

Umoja ni nguvu.