Shaba katika Mji wa Dhahabu: Matumizi ya Sarafu za Kilwa Kisiwani

Katika karne ya 14 Kilwa Kisiwani ilitawala biashara ya dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe na kupitia bandari ya Sofala. Hata hivyo, sarafu za masultani wake zilizobaki hadi leo karibu zote ni za shaba. Za dhahabu zinazojulikana, zenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ni chache mno. Swali linalozuka ni hili: mji uliopitisha dhahabu nyingi kiasi hicho ulihitaji shaba kwa kazi gani?

Jibu linaanzia mahali sarafu hizo zilipopatikana. Nyingi zimeokotwa Kilwa kwenyewe, na nyingine katika visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Huko bara ni nadra sana, ingawa moja ya Sultani al-Hasan iligunduliwa Great Zimbabwe. Mtawanyiko huu unaashiria kwamba shaba haikuwa fedha ya kumlipa mfanyabiashara wa ng'ambo. Biashara ya masafa marefu iliendeshwa kwa kubadilishana dhahabu na pembe za ndovu kwa nguo, shanga na vyombo vya kauri. Inaelekea sarafu ya shaba ilitumika katika manunuzi madogo ya kila siku mjini.

Maandishi yake yanatilia nguvu hoja hiyo. Upande mmja una jina la sultani. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Mwaka wa kutengenezwa haukuandikwa. Kwa kuwa thamani ya shaba yenyewe ilikuwa ndogo, kukubalika kwa sarafu kulitegemea zaidi imani ya watumiaji kwa mamlaka iliyoitoa.

Kukosekana kwa mwaka kumewatatiza wanahistoria. Sarafu za Ali bin al-Hasan ziliwahi kupangwa katika kipindi cha baadaye, hadi hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyofukuliwa mwaka 1984 ikiwa na sarafu za fedha zaidi ya 2,000, iliposaidia kumrudisha mtawala huyo katika karne ya 11.

Kwa hiyo, historia ya Kilwa ikisimuliwa kwa dhahabu pekee humwonyesha sultani na mgeni wake. Shaba humrejesha sokoni mwenyeji wa kawaida, ambaye kumbukumbu zilizoandikwa hazikumtaja.