Tupande Kiasi Gani? Funzo la Pareto

Wanavikundi wa Kaptembwo, funzo liko hapa hapa Nakuru. Hadi miaka ya 1990, Kenya iliongoza duniani kwa pareto, maua ya kutengeneza dawa ya wadudu, na kiwanda kiko mjini kwetu. Wanunuzi wa ng'ambo walipopungua, maghala yalijaa na malipo yakachelewa. Wakulima wengi waling'oa pareto, wakapanda viazi. Soko lilipotaka tena, kiwanda kilikosa maua, na Australia ikatupita. Pareto huchukua miezi kama minne tangu kupandwa hadi kuchumwa, kwa hivyo pengo halizibiki kwa siku moja.

Basi kabla ya kupanda au kushona chochote, muulizeni mnunuzi: anataka kiasi gani, lini, na atalipa siku gani? Muandikiane.