Kitabu cha Likizo: Nani Akichague?

Katika likizo ndefu ya majira ya joto huko Marekani, watoto wa maskini aghalabu hurudi nyuma katika kusoma, kwani majumbani mwao vitabu ni haba. Wataalamu Richard Allington na Anne McGill-Franzen walilichunguza jambo hili katika shule 17 za jimbo la Florida. Kwa miaka 3 mfululizo, watoto 852 walipewa bure vitabu 12 kila likizo, walivyovichagua wenyewe; wengine 478 hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalidhihirisha kwamba waliopewa waliwapita wenzao katika majaribio ya kusoma, na waliokuwa maskini zaidi ndio waliofaidi zaidi. Basi, ndugu msomaji, ukimnunulia mtoto kitabu cha likizo, mwachie achague: kitabu kisichofunguliwa hakifundishi.